Listi au stringi? Namna ya kuita programu nyingine kutoka Python

Watu wengi wanaandika subprocess.run("ffmpeg -i video.mp4 sauti.mp3", shell=True) kuita ffmpeg, programu ya kubadilisha video na sauti, yaani komandi nzima ni stringi moja inayopitia sheli (programu inayosoma komandi za teminali), na ukiwaambia watumie listi, kila neno kipande chake, wanaona unawaongezea kazi bure. Na wana hoja kwa kweli, komandi wameshaijaribu kwenye teminali ikakubali, wanaikopi vilevile, yeyote akiisoma anaielewa. Halafu bomba la | (kupitisha matokeo ya programu moja kwenda nyingine) na nyota ya *.txt (faili zote za .txt) ni kazi ya sheli, ukiitoa sheli ile nyota inafika kwenye programu ikiwa nyota tu.

Shida inaanza pale jina la faili linapotoka kwa mtu mwingine. Faili likiitwa "wimbo mpya.mp4" sheli inalikata kwenye nafasi, ffmpeg inaenda kutafuta faili "wimbo" na haliopo, na hapo bado una afadhali, maana mtu akiweka ; rm -rf (komandi ya kufuta) ndani ya hilo jina sheli inatii tu, yenyewe haijui wewe umeandika ipi na mgeni kaandika ipi. Kwenye ["ffmpeg", "-i", jina, "sauti.mp3"] kila kipande kinafika kizima kama kilivyo.

Ila jamani listi nayo ina mitego yake. Ukiandika "-i video.mp4" kama kipande kimoja ffmpeg inakataa, haijui opsheni ya hivyo. Ukiongeza alama za nukuu ndani ya kipande zinageuka kuwa sehemu ya jina la faili. Mbaya kuliko zote ni kuchanganya: subprocess.run(["ls", "-l"], shell=True) kwenye Linux inaendesha ls tupu, ile -l inapewa sheli yenyewe, na huoni kosa lolote! Jina linaloanza na kistari nalo listi haikuokoi, tanguliza ./ mbele yake.

Wengine wanakimbilia shlex.split, inayokata stringi kuwa listi, sawa, lakini ukishalibandika jina ndani ya stringi ndo ukaikata, nafasi inakatwa palepale. shlex.quote, inayofunga jina kwa nukuu ili sheli isilikate, nayo ni ya sheli za Unix (kama za Linux), Windows usiitegemee, na huko faili za .bat (faili za komandi za Windows) zinaweza kupita kwenye sheli hata kama hukuomba.

Mimi nasimama na listi. shell=True naikubali kwa komandi yenye mabomba uliyoiandika mwenyewe mwanzo mwisho, ikiingia variabo hata moja kutoka nje basi irudi kwenye listi, hata kama kodi itarefuka.