Hao "wenzake" ni akina nani?

Jamaa yangu karudi kutoka Shanghai na picha kibao. Moja kapiga mbele ya ile nyumba ya matofali ya kijivu, Barabara ya Xingye, ngumi juu kama kada aliyekula kiapo jana. Nikamuuliza, humo ndani walikutana akina nani? "Mao na wenzake," kanijibu, akahamia kwenye bei ya kahawa ya mtaa huo. (Bei ni ya kibepari kabisa. Tuyaache.)

Na wenzake! Utadhani kesi ya wizi wa ng'ombe.

Julai 1921 walikaa humo, kwa mkutano wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha China, Wachina 13 na wageni wawili wa Komintern (umoja wa vyama vya kikomunisti duniani, wenye makao Moscow), chumba cha mita za mraba 18 hivi, meza moja ya kulia chakula. Chama kizima kilikuwa na watu hamsini na kitu. Mao, miaka 27, alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Zhang Guotao, aliyekihama chama 1938 akaenda kufia Kanada. Na Chen Duxiu, aliyechaguliwa kukiongoza, wala hakuwepo!

Kisa ninachokipenda ni cha usiku wa Julai 30. Kaingia mtu asiyemjua yeyote, kasema kakosea nyumba, katoka. Maring, Mholanzi wa Komintern, akanusa hatari: tawanyikeni! Mtaa ulikuwa chini ya Wafaransa, na dakika chache tu polisi wakafika. Waliobaki kuwakabili ni Li Hanjun, maana nyumba ilikuwa ya kaka yake, na Chen Gongbo. Wengine wakaenda kumalizia kikao kwenye mashua, ziwa la Nanhu.

Sasa mfuatilie huyo Chen Gongbo. 1924 yuko Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, anaandika tasnifu, na ndani yake anaweka nyaraka za kikao kile. Nakala za Kichina zikapotea. Tasnifu ikaja kuibuliwa 1960. Mwandishi wake alishapigwa risasi 1946 kwa kuwatumikia Wajapani. Zhou Fohai, aliyeandika kumbukumbu pamoja na Mao, akafia gerezani 1948 kwa kosa hilohilo. Li Hanjun aliuawa na wababe wa kivita 1927.

Ndiyo maana hiyo "na wenzake" inanikera. Mtoto wa shule asimamishwe mbele ya meza ile aambiwe: hapa alikaa mkombozi wenu, hapa msaliti wenu, walikunywa chai ya birika moja, na usiku ule msaliti ndiye aliyebaki polisi walipoingia. Somo gani la uraia linalishinda hilo? Badala yake, kwa miaka mingi waliwekewa sanamu za nta, Mao kasimama anahutubia, wenzake wamemtolea macho. Mwandika kumbukumbu!

Haya, kuhifadhi wamehifadhi. Nyumba ni makumbusho tangu 1952, katikati ya ardhi ambayo dalali yeyote angeililia. Lakini hata sikukuu ya chama ni Julai 1 wakati kikao kilianza Julai 23. Wakiwa Yan'an, ngome ya chama enzi za vita, Mao na Dong Biwu walijaribu kukumbuka siku, wakaambulia mwezi. Kati ya wale 13, ni wao wawili tu waliosimama Tiananmen, Beijing, Oktoba 1, 1949, Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa.

Nimemtumia jamaa majina yote 13. Kajibu kwa kidole gumba.