Mabaki Yanaangukia kwa Nani?

Novemba 2024 Marekani ilifungua rasmi kituo cha kudungua makombora huko Redzikowo, kaskazini mwa Poland. Habari hiyo ilitukuta kwenye kibaraza cha kahawa Mikindani, na kijana mmoja akasema neno ninalolisikia mara kwa mara: wanavijiji wanaokataa mitambo ile ama hawajui vita, ama wametumwa na adui. Mjomba wangu, mtu wa Msimbati, hakubishana naye. Alimwaga machicha ya kahawa chini, akauliza, "Hilo kombora la kuzuia likirushwa, mabaki yake yanaangukia kwa nani?"

Swali hilo hilo liliulizwa Japani, na serikali ikashindwa kulijibu.

Mwaka 2017 Korea Kaskazini ilirusha makombora mawili yaliyopita juu ya kisiwa cha Hokkaido. Hofu ilikuwa ya kweli, na serikali ya Japani ikaamua kununua mitambo ya Kimarekani ya kudungua makombora iitwayo Aegis Ashore. Mmoja ungejengwa Akita, kaskazini, na mwingine kwenye uwanja wa mazoezi ya kijeshi wa Mutsumi, mkoa wa Yamaguchi, jirani na mji mdogo wa Abu. Abu ulikuwa unahangaika kuwavuta vijana waje kuishi na kulima, na meya wake akasema wazi kwamba kituo kile kingevuruga kazi hiyo. Wakazi nao walikuwa na swali la kipande cha chini cha roketi ya kudungulia, kile kinachoisukuma mwanzoni kisha kikaachwa kidondoke. Uzito wake ni kama kilo 200, yaani zaidi ya magunia mawili ya korosho, tena kinashuka kutoka angani. Wakahakikishiwa kwamba kitadondokea ndani ya uwanja wa jeshi, wasiwe na shaka.

Juni 2020 waziri wa ulinzi, Kono Taro, akasimamisha mpango. Ilibainika kwamba ahadi ile haitekelezeki bila kuibadilisha roketi yenyewe, kazi ya fedha nyingi mno na miaka mingi. Kwa hiyo mkulima aliyeambiwa anaogopa bure alikuwa ameuliza jambo ambalo wahandisi hawakuwa na jibu lake.

Akita hali ilikuwa ya aibu zaidi. Mwaka 2019 gazeti la hapo, Akita Sakigake Shimpo, lilikagua ripoti ya wizara ya ulinzi iliyosema maeneo mengine hayafai kwa sababu milima ingeziba rada. Mlima mmoja uliandikwa kuwa na pembe ya mwinuko ya nyuzi 15, kumbe ni kama nyuzi 4. Maofisa walikuwa wamepima kwa picha za Google Earth bila kuangalia vipimo vyake. Ninarudia rudia jambo hili kwa sababu wanakijiji ndio wanaoambiwa kila siku kwamba hawajui sayansi. Hapa waliokosea hesabu ni waliokuja na ripoti, na aliyewashika ni mwandishi wa gazeti la mkoani.

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili. Seongju, Korea Kusini, wakulima wa matikiti madogo ya njano walipinga mtambo wa THAAD, nao wa Kimarekani wa kudungua makombora, mwaka 2016. Mamia walinyoa vichwa hadharani, na waziri mkuu alipokwenda kuwaeleza akarushiwa mayai. Hofu yao kubwa ilikuwa mionzi ya rada kuwadhuru wao na mazao yao. Tathmini iliyokamilika mwaka 2023 ilikuta mionzi haifiki hata asilimia 1 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwa hilo walikosea. Na sisi wa huku hatuwezi kuudharau ulinzi. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakavamia kijiji cha Kitaya, hapa Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Aliyelala porini na watoto usiku ule hahitaji kufundishwa umuhimu wa askari.

Lakini askari waliokuja Kitaya walikuwa wetu, na amri yao inatoka kwetu. Mtambo wa Seongju unaendeshwa na jeshi la Marekani. Mwenye shamba anabeba hatari ya kulengwa, na siku ya kurusha haulizwi. Tena hakuulizwa hata siku ya kuchagua mahali: watu wa Seongju walitangaziwa uamuzi, kisha ndipo waziri mkuu akaja kuwatuliza. Kama vipimo vya mionzi vingewekwa mezani kabla ya tangazo, nadhani hofu ya matikiti ingepungua sana. Huko Trokavec, kijiji cha Cheki karibu na mahali palipokusudiwa kujengwa rada ya Kimarekani ya kugundua makombora, watu walipiga kura yao wenyewe mwaka 2007. Wapiga kura 72, waliokataa 71. Kura ile haikuifunga serikali kisheria, na mpango uliendelea hadi Obama alipoufuta mwaka 2009.

Mtu wa Mtwara anaijua ladha hiyo. Mwaka 2012 na 2013 tuliposema gesi yetu haitoki kwenda Dar es Salaam kwa bomba, tuliitwa wachochezi, tukaambiwa tunatumiwa. Sitetei nyumba zilizochomwa. Watu walikufa na majeraha yapo hadi leo. Ila wengi walioandamana hawakuichukia gesi wala Dar es Salaam. Walitaka kujua bomba likishapita Mtwara inabaki na nini, na wakajibiwa kwa hasira kabla ya kujibiwa kwa hesabu.

Nilimweleza mjomba habari ya Mutsumi tukiwa shambani kwake, msimu wa kupuliza salfa, unga wa njano umemjaa hadi kwenye kope. Alitaka kujua zile kilo 200 ni za chuma kitupu au kinashuka kinawaka. Nikamwambia kinashuka kikiwa kimeshateketeza mafuta yake. Akaangalia nafasi kati ya mikorosho na nyumba, hatua kama arobaini hivi, akauliza kama wale watu wa Japani walipewa jibu kwa maandishi au kwa mdomo tu.