Mama mdogo hanywi maji kwa sababu hakuna choo

Juzi mama mdogo alirudi kutoka zahanati na vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, na ushauri wa mstari mmoja: "Mama, unywe maji mengi." Huu ni mwaka wa tatu mgongo unamsumbua. Anaanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegesha, hapa Kigoma, tangu niko darasa la nne. Nikamuuliza kama alimweleza mhudumu kwa nini hanywi maji. Akanijibu, "Mwanangu, hakuniuliza." Hilo jibu limeninyima usingizi.

Ushauri wenyewe una ukweli, na ulistahili kuelezwa. Katikati ya pingili za mgongo kuna diski 23, vijimto laini vinavyotenganisha mifupa. Kiini cha diski ya kijana ni maji kwa karibu asilimia 80, na kiwango hicho hushuka kadiri umri unavyosogea. Diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu. Inanyonya maji na chakula polepole kupitia mifupa iliyo juu na chini yake. Mchana, ukisimama, ukiinama na kubeba, maji yanakamuliwa. Usiku ukilala yanarudi. Ndiyo maana jioni mtu hupungua kimo kwa kama sentimita 1, akaamka asubuhi kimerudi. Maji hayo yanatoka kwenye mwili huohuo unaotoka jasho juani kutwa nzima. Mgongo hauna tangi lake la akiba.

Nakubali kwamba maji hayaponyi diski iliyokwisha kuchakaa. Chanja za kuanikia zilizoinuliwa hadi kiunoni zingemsaidia mama mdogo pengine kuliko ndoo nzima ya maji. Na mwenye ganzi miguuni, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, awahi hospitali siku hiyohiyo.

Lakini tuje mwaloni. Mitumbwi inaingia alfajiri, na wanawake wanakuwepo kuipokea. Wataondoka jioni, dagaa wakishakauka na kukusanywa. Katikati hapo wanainama kutandaza, wanainama kugeuza, wanainama kuchambua. Choo kipo mbali, shilingi 200 kila ukiingia, mlango haufungi, maji hakuna. Wanaume wanazunguka nyuma ya mitumbwi, mambo yameisha. Mwanamke afanyeje? Anakunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi, basi mpaka arudi nyumbani. Mama mdogo alinifundisha hesabu hiyo kama mtu anayefundisha kazi: ukinywa saa tatu, saa tano utaumbuka. Siku za hedhi hata ile chai anaiacha. Nilimnunulia chupa ya lita moja na nusu. Jioni niliikuta imepungua vidole viwili.

Na madhara hayaishii kwenye diski. Kunywa maji kidogo na kubana mkojo kutwa kunakaribisha UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na UTI ikipanda kwenye figo inauma ubavuni, chini ya mbavu, pamoja na homa. Mwaloni hayo nayo yanaitwa mgongo. Mama anakwenda duka la dawa, anasema mgongo, anapewa diklofenaki. Dawa hiyo, ikiingia kwenye mwili uliokaukiwa maji, inaweza kuumiza figo zilezile. Naomba wauza dawa wanaosoma hapa wawaulize kina mama maswali mawili kabla ya kuwapa vidonge: mkojo wako una rangi gani, na mara ya mwisho umekwenda haja ndogo saa ngapi?

Mtu ataniambia ziwa liko hapohapo. Ndiyo, Tanganyika, kina cha mita 1,470, hakuna ziwa refu kwenda chini kama hilo Afrika nzima. Lakini kipindupindu cha Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa hilihili, mwaka 2015 hatujakisahau. Maji ya ziwa yanataka kuchemshwa, na mkaa unataka hela.

Ushuru unakusanywa pale kila asubuhi, na kina mama hawa wanaulipa. Ninachotaka kutoka kwenye ushuru huo ni vyoo vitatu vya wanawake, karibu na chanja, vyenye komeo kwa ndani, ndoo ya maji na sabuni, bila kulipia. Na pipa la maji yaliyochemshwa, lenye koki, kivulini. Jumamosi kuna kikao cha mwalo na nitakwenda kulisema hili. Mama mdogo naye atakuja, nimemwahidi kumbebea kiti chenye egemeo.