Muunganisho wa TCP: nani anaukumbuka?

Anayejifunza mitandao huambiwa mapema kwamba TCP, itifaki inayosafirisha data nyingi za intaneti, "hufungua muunganisho", naye hujenga picha ya bomba lililotandazwa kutoka kwenye simu yake hadi kwenye seva. Picha hiyo inapotosha, na kwa maoni yangu ndiyo inayozaa programu nyingi zinazoganda bila sababu ya kueleweka. Katika mtandao wa pakiti, yaani unaosafirisha data kwa vipande vidogo, muunganisho ni kumbukumbu tu. Cha kuuliza ni kumbukumbu hiyo inakaa wapi.

Chukua Transpac ya Ufaransa, mtandao wa X.25 (kanuni za zamani za mitandao ya pakiti) uliofunguliwa 1978 na baadaye kubeba Minitel, huduma ya habari kwa vifaa vya majumbani. Pale swichi zote za njiani zilikumbuka. Pakiti ya kuita ilitangulia ikiwa na anwani kamili, na kila swichi iliyopitiwa ikaandika mstari kwenye jedwali lake: kinachoingia mlango wa 1 na namba 7, kitoke mlango wa 3 na namba 22. Baada ya hapo data haikubeba anwani tena, bali namba fupi ya biti 12. Swichi ilifuta 7, ikaandika 22, ikasukuma mbele. Swichi iliyoelemewa iliweza kukataa mwito mpya, faida ambayo wengi tunaisahau. Lakini ilipozimika, saketi zote (yaani miunganisho) zilizopita pale zilikatika nayo. Lebo za biti 20 za MPLS, mbinu ya kupitisha pakiti kwa lebo fupi, zinaendeleza mtindo huohuo hadi leo.

Ruta za intaneti hazina mstari kama huo. SYN, SYN-ACK na ACK, pakiti tatu za kufungua muunganisho wa TCP, zinapopita, ruta inaona pakiti tatu kama nyingine yoyote. Wanaokumbuka ni wa ncha mbili, nao hukumbuka anwani mbili za IP, poti mbili, na namba za mfuatano. Kebo ikikatika na pakiti zikapata njia nyingine mapema, mazungumzo yanaendelea. Naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa.

NAT, mbinu ya vifaa vingi kutumia anwani moja ya IP, imeuvuruga. Kifaa cha NAT kinaweka tena jedwali katikati ya njia, kisha kinafuta mstari kimyakimya, wakati X.25 ilituma walau pakiti ya kukata. RFC 5382, waraka wa kanuni za intaneti, inataka muunganisho uliotulia usifutwe kabla ya kupita muda wa saa 2 na dakika 4, lakini vifaa vingi hufuta baada ya dakika chache. Ncha zote mbili huendelea kuamini kuwa mwenzake yupo. Ukituma data, Linux hurudia mara 15, kama dakika 15 hivi, ndipo ikate tamaa. Ukiwa unasubiri kusoma tu, utasubiri bila kikomo.

Dawa ni keepalive, yaani pakiti ndogo za kuuliza kama mwenzako bado yupo, ila si kwa viwango vya kawaida vya Linux: sekunde 7200 za kimya, kisha majaribio 9 kila sekunde 75, jumla saa 2 na dakika 11. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, weka tcp_keepalives_idle 60, tcp_keepalives_interval 10 na tcp_keepalives_count 5. Aliyepotea atagundulika ndani ya sekunde 110, na kifaa cha NAT kitakumbushwa kila dakika kwamba mstari ule bado unatumika.

Kwa programu uliyoiandika mwenyewe, kosa la kawaida ni kubadilisha net.ipv4.tcp_keepalive_time (mpangilio wa Linux wa zile sekunde 7200) na kusahau kuwasha SO_KEEPALIVE, swichi ya keepalive, kwenye soketi ya programu. Endesha amri ya ss -tno, inayoorodhesha miunganisho ya TCP, ukiwa na muunganisho uliotulia: usipoona timer:(keepalive kwenye mstari wake, badiliko lako halijagusa chochote.