Mhadhara wa mubashara, na bili ya darasa

Saa mbili kamili usiku nafungua kipindi. Majina yanaingia moja moja: mmoja kaandika jina kamili na namba ya usajili, mwingine anajiita "Infinix", mwingine "Mama Junior". Nauliza, "Mnanisikia?" Kimya. "Anayenisikia aandike 1 kwenye chati." 1, 1, 1, 1. Halafu mmoja: "Sauti inakatakata mwalimu." Kufikia hapo dakika saba zimekwenda na sijafundisha kitu.

Nafundisha takwimu za awali kwa wanafunzi wa masafa, wanaosoma wakiwa mbali na chuo. Wengi wao ni watu wazima: walimu wa shule za msingi wanaotafuta digrii, wauguzi, watumishi wa halmashauri, askari wawili watatu. Kila muhula, kwenye kikao cha idara, hoja hurudi ile ile. Kuna wanaotaka kila kozi ya mtandaoni ifundishwe mubashara, kwa muda wa saa mbili kila wiki, kama ratiba ya wenzao wa bwenini. Kuna wanaosema wekeni notsi na rekodi kwenye mfumo wa chuo wa mtandaoni, kila mtu asome akipata nafasi. Nimewahi kukaa pande zote mbili. Siku hizi naona tunabishana sana kuhusu Zoom na Google Meet, na hakuna anayeuliza bili ya darasa hilo anapelekewa nani.

Kwanza nimtendee haki mubashara, maana ana lake. Muhula uliopita nilikuwa naeleza jinsi ya kupima namna alama za darasa zinavyotawanyika. Unachukua tofauti ya kila alama na wastani, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha zote, kisha unagawanya. Notsi zangu kwa miaka zilikuwa zimeandikwa "gawanya kwa n − 1", yaani idadi ya alama ukitoa moja, bila maelezo, utadhani ni tangazo la serikali. Dada mmoja akaandika kwenye chati: "Samahani mwalimu, alama ziko kumi, kwa nini tunagawanya kwa tisa?" Nikauliza nani mwingine amekwama hapo. Chati ikajaa. Nikaziacha slaidi. Nikawaambia: nina namba tatu, wastani wake ni 10. Ya kwanza ni 8, ya pili ni 11. Ya tatu? Wakaandika 11 kabla sijavuta pumzi. Basi, nikasema, hiyo ya tatu haikuwa na hiari. Ukishajua wastani, zilizo huru ni mbili tu, ndiyo maana tunagawanya kwa n − 1. Mtu mmoja alikuwa amesahau maiki wazi, tukamsikia wote: "Aaaah, kumbe!"

Rekodi isingenipa hilo. Wale waliosoma kozi hii kabla yao waliikariri ile n − 1, wakafaulu mtihani, wakaondoka nayo kama walivyoikuta. Nisingejua kama kuna shimo pale. Mubashara humpa mwalimu nafasi ya kukamatwa.

Halafu kuna upweke, ambao aliyesoma chuo cha bwenini hawezi kuuelewa vizuri. Mwanafunzi wa masafa aliyeko Mpanda anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumsikia mwenzake mmoja akisema "mimi pia sijaelewa". Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza kwa vitabu vya kuchapwa na vituo vya mikoani, na hata enzi hizo za karatasi kilikuwa na vipindi vya ana kwa ana vilivyowakutanisha wanafunzi. Watu wanataka kukutana.

Na wala si mara ya kwanza Afrika kujaribiwa mhadhara wa mbali unaorushwa moja kwa moja. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University. Wahadhiri walikuwa Marekani na Ulaya, mihadhara ikaja kwa setilaiti, na wanafunzi wa vyuo kama Kenyatta wakakaa mbele ya televisheni, wakiuliza maswali kwa simu. Ilikuwa ghali, na masaa yalifuata anayerusha, si anayepokea. Baadaye taasisi ilihamishia makao yake Nairobi na kugeukia zaidi kozi za kwenye mtandao. Lakini jambo moja la mradi ule tumelisahau. Dishi, televisheni na simu vilikuwa chuoni. Mwanafunzi alikuja na daftari.

Leo dishi ni yeye mwenyewe. Hapa ndipo nilipoacha kushabikia. Tupige hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Zoom wenyewe hutaja takriban kilobiti 600 kwa sekunde kupokea video ya kikundi iliyo safi, na kati ya 60 na 80 kwa sauti peke yake. Kilobiti 600 kwa sekunde ni megabaiti 270 kwa saa. Mwanafunzi mwenye kozi tano, saa mbili kila moja kwa wiki, wiki 15, anakuwa na saa 150 za darasa. Hiyo ni zaidi ya gigabaiti 40 kwa muhula, kabla hajafungua kitu kingine chochote. Akisikiliza sauti tupu, hata kwa hizo kilobiti 80, hazifiki gigabaiti sita. Notsi za kozi hizo hizo tano, zikiwa za maandishi, zinaingia kwenye simu kwa bando la siku moja na nafasi ya umbea inabaki.

Chuo kinapohamisha mhadhara kwenda mubashara kinaokoa ukumbi, umeme, viti na ulinzi wa jengo. Gharama hiyo haipotei. Inakwenda kukaa kwenye bando la mwalimu wa Kibondo na kwenye chaji ya simu yake. Ada yake, hata hivyo, sijaona ikishuka. Ndiyo maana siamini sana uongozi unaposema unapenda mubashara kwa sababu "unamweka mwanafunzi katikati". Unaupenda pia kwa sababu ni rahisi: mhadhiri anachukua saa zake mbili za ratiba na slaidi zake za mwaka juzi, anazipeleka kwenye kamera, na kozi inahesabiwa kuwa ya mtandaoni. Kuandaa moduli nzuri ya kujisomea ni miezi ya kazi ambayo hulipwi. Najua, nimeandaa mbili.

Mtandao wenyewe nao una hiari yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, Tanzania tukiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Jumatatu yake nilikuwa na kipindi. Hakikufanyika. Nilichoweza kufanya ni kurekodi maelezo ya dakika nane kwa simu na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp, yakawafikia wengine usiku ule na wengine kesho yake. Hakuna aliyelalamika kwamba dakika nane ni chache. Na kabla ya hapo tulikuwa tumetoka kwenye mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, ambapo ratiba ya darasa ilibidi isomwe pamoja na ratiba ya kukatika.

Kuhusu kamera sitasema mengi. Profesa Jeremy Bailenson wa Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba uchovu wa mikutano hii unatokana na mambo manne: macho mengi yanayokukodolea kwa karibu, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na akili kuhangaika kusoma ishara za watu zisizoonekana vizuri. Kwetu ongeza la tano. Kamera inaingia chumbani. Wapo wanaosoma wakiwa wameketi kitandani kwa sababu chumba ni kimoja na watoto wamelala. Wapo akina mama wa Pwani ambao kuwasha kamera nyumbani kwao kunamaanisha kwenda kuvaa kama mtu anayetoka. Mhadhiri anayesema "washeni kamera nione nyuso" hajui anaomba nini.

Sasa hoja ya wenzangu wa upande wa pili, na ina uzito. Mzee mmoja wa idara yetu, ambaye namheshimu, aliniambia: "Kijana wangu, ukiwapa rekodi watazilundika kama nguo chafu." Ni kweli. Rekodi ninazoweka wiki ya pili huanza kufunguliwa kwa wingi wiki ya kumi na nne, test ikiwa imeshapita na mtihani unanukia. Kipindi cha saa mbili usiku, pamoja na kukatakata kwake, kinampa mtu aliyetoka kazini sababu ya kufungua daftari siku hiyo. Mzee anasema mwanafunzi mtu mzima hakosi akili, anakosa mpangilio, na mubashara ni mpangilio. Sina jibu la kumshinda hapo.

Ila mpangilio ni jambo moja, mahudhurio ni lingine. Chuo kimoja nilichowahi kufundisha kwa mkataba kilitoa alama tano za kazi ya muhula kwa kuhudhuria vipindi vya mubashara. Majina yalijaa hasa. Siku moja niliita mwanafunzi kwa jina mara tatu, kimya, mara ya nne ikaja sauti ya kondakta: "Mbezi, Mbezi, mia saba!" Simu ilikuwa imejiunga, ikawekwa mfukoni, mwenyewe yumo kwenye daladala. Simlaumu. Alinunua alama tano kwa bando, na bei aliyopangiwa ndiyo hiyo. Niliyemwonea huruma ni muuguzi wa zamu ya usiku ambaye alisoma kila kitu nilichoweka na akakosa zile tano kwa sababu wodi haina Zoom.

Uamuzi wangu, baada ya yote hayo: mubashara ubaki, lakini mdogo. Maelezo yanayoweza kuandikwa yaandikwe, yanayohitaji sauti yarekodiwe kwa sauti, na vyote viwekwe kwenye mfumo siku nne kabla. Kipindi kiwe cha kuuliza, kukosolewa na kukokotoa pamoja, kila wiki mbili, pasipo alama za kuhudhuria. Ule mpangilio anaoutaka mzee nautafuta kwa zoezi fupi la kila Ijumaa, maswali matatu, ambalo mtu anaweza kulijibu hata akiwa kituoni. Linafanya kazi nusu nusu. Wapo wanaolijibu Ijumaa usiku saa tano na dakika hamsini na tisa, lakini wanalijibu.

Urefu niliujifunza kwa bahati. Kuna muhula akaunti ya kulipia ilikuwa haijahuishwa, nikatumia ya bure, na Zoom ya bure hukata mkutano wa kikundi dakika ya 40. Kwa kujua panga linakuja, niliacha salamu ndefu, niliacha kusoma slaidi, nikaingia kwenye maswali moja kwa moja. Akaunti ilipolipiwa nikarudi kwenye saa mbili, na usingizi wa wanafunzi ukarudi nao. Sasa naweka saa ya simu mezani, dakika 40, ikilia nafunga.

Kilichobaki bila jibu ni bili. Kuna vyuo vinavyoweka BigBlueButton, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton huko Kanada mwaka 2007, kwenye seva zao; inapunguza ada ya chuo ya kila mwaka, haimpunguzii mwanafunzi hata shilingi. Kinachompunguzia ni makubaliano na kampuni za simu ili mfumo wa chuo usile bando. Uganda walifanya hivyo wakati wa korona, kupitia mtandao wao wa vyuo na utafiti, RENU. Nimelileta kwenye kikao cha idara mara mbili. Mara ya kwanza liliahirishwa. Mara ya pili tulikutana kwa Zoom, na nilipofika kwenye ajenda hiyo mwenyekiti akawa amekatika.