Mamlaka Bila Mapumziko Hayamwondolei Mfanyakazi Uchovu

Wapo wasimamizi wa hoteli za Pwani ya Kenya wanaoamini kwamba mfanyakazi aliyechoka hahitaji kupunguziwa kazi, anahitaji kupewa sauti ndani ya kazi yake. Hoja yao si nyepesi. Mtafiti wa Marekani, Gretchen Spreitzer, alieleza mwaka 1995 kwamba mtu hujihisi ana nguvu kazini akiona kazi yake ina maana, anaiweza, ana uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na anachofanya kinaleta tofauti.

Mfikirie dada wa mapokezi kwenye hoteli ya ufuoni kule Shanzu, saa tano usiku. Mgeni amerudi na ufunguo, kiyoyozi kinamwaga maji hadi kitandani. Chumba cha pili ki wazi, na ufunguo wake umo kwenye droo, lakini bila idhini ya meneja haruhusiwi kumhamisha mtu. Meneja hapokei simu. Nusu saa nzima dada wa watu anafokewa kwa kosa lisilo lake. Uchovu wa aina hii hauishi kwa kulala. Angeachiwa aamue, yangekwisha mara moja.

Hapo nawaunga mkono kabisa. Sasa ihamishe hoja hiyo kwa mama anayesafisha vyumba mwezi wa Desemba. Hoteli imejaa, wenzake wa mkataba hawakuitwa tena, na vyumba ni vilevile. Ukimwambia kuanzia leo yeye ndiye kiongozi wa ghorofa, ajipangie kazi na kujibu malalamiko ya wageni, bila kuongezewa watu wala mshahara, umemtwika mzigo mwingine. Akitoka zamu bado ana safari ya matatu, foleni ya feri ya Likoni, na jiko linamsubiri nyumbani. Cheo hakiondoi maumivu ya mgongo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Wenye hoteli watasema msimu ni mfupi, na mvua za masika zikianza vyumba hubaki vitupu. Ni kweli. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, uwe msimu wa wageni au usiwe.

Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni ratiba ya zamu. Wafanyakazi wakae na msimamizi waipange pamoja, na wawe na haki ya kukataa zamu ya alfajiri baada ya kumaliza ya usiku. Wakikataa, italazimu watu waongezwe, na mwajiri atagharamika zaidi mwezi wa Desemba. Na agharamike, kwa kuwa ndio mwezi anaouza vyumba kwa bei ya juu.