Tui zito huingia mwisho

Makala niliyoisoma kuhusu wali wa nazi wa sinia, ule wa kula pamoja, inasema hutiwa tui lote kwa mkupuo mmoja. Hapana jamani, hapo ndipo unapoharibika! Huku Tanga kilo 1 ya mchele huchukua nazi 2 zilizokomaa. Tui la kwanza, lile zito, weka pembeni. Kamua machicha tena kwa maji ya vuguvugu; tui hilo jepesi ndilo la kuchemshia mchele na chumvi. Likikaribia kukauka, mimina lile zito, geuza mara moja tu kwa mwiko, funika, palia makaa juu ya mfuniko na chini ubakize machache. Tui zito likichemka sana tangu mwanzo hukatika na kutoa mafuta, wali ukaungua chini huku juu una kiini. Ukikorogakoroga unapata bokoboko.

Sinia moja watu 4 au 5, mkono wa mtoto ufike. Mchuzi wa samaki ukae kwenye bakuli katikati. Ukiumwaga juu ya wali wote, miiba hutapakaa hadi upande wa watoto, na hilo makala haikuligusa kabisa.